Bila Msumari

Chumba chetu hapa Ruwi kina vitanda sita
na ukuta mweupe nisioutoboa.
Shali naitundika kwenye mpini wa sanduku.
Mkataba ni miaka miwili. Kadi ya ukaazi
ina tarehe ya kufa kwake, wazi.
Yangu pia ipo, ila Mwandishi kaificha.

Wakio hunicheka: "Unaishi kama abiria!"
Ndiyo, namwambia.
Ijumaa, tukitoka ibadani, twapita madirisha ya dhahabu.
Naitazama. Ni nzuri. Si yangu. Naenda.

Lakini nimepanda rehani katika kopo la maziwa
(rehani, neno lilelile la kitu kishikwacho kwa muda),
naimwagilia matone ya kiyoyozi;
jua la Juni likichoma naisogeza kivulini
kama mtu atakayekaa.
Nikiondoka ataichukua Nilmini wa kitanda cha chini,
na baada yake sijui.

Kilo thelathini ndizo nitakazoruhusiwa.
Upendo hawaupimi pale uwanjani.

Msumari wangu ulishapigwa zamani,
wala si ukutani:
ulipita kiganja cha Mtu.
Hapo ndipo nilipotundika jina langu.