Kabla ya Kubisha Hodi

Tulikubaliana kwenye kona, karibu na kibanda cha M-Pesa:
getini, Kiswahili.
"Tena kile cha redio," Makori akasema,
akifuta vumbi la Kahawa West
kiatu hiki kwa suruali, kisha kile.

Nikameza Kijaluo changu kama kidonge bila maji.
Yeye Kigusii chake alikiweka wapi sijui,
labda mfukoni, na risiti za kodi ya pale tulipohama.

Si kwamba tulificha kabila. Pua nani huificha?
Majina yangeandikwa tu kwenye mkataba, yote matatu matatu.
Tulitaka mama mwenye nyumba
aone kwanza kodi ya miezi miwili,
ndipo asikie lafudhi.

Vyumba viwili. Maji Jumanne na Ijumaa.
Dirisha linalotazama dirisha la jirani.
"Safi sana," nikasema.
"Safi kabisa," akasema,
kama wanafunzi wanaosomewa imla.

Ila Akeyo, miaka mitatu unusu,
hakuwamo kwenye kikao cha kona.
Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na kizimba.
"Gweno!" akanipigia kelele, akinivuta sketi.
Kisha akamgeukia baba yake,
kwa haki ya mtu anayegawa mandazi
asije mmoja akakosa: "Engoko!"

Funguo zikanyamaza mkononi mwa mama.
Mimi nikatazama nyaya za kuanikia nguo.
Makori akakohoa kikohozi kisicho na lugha.

Mama akainama.
"Na mimi je? Mimi utaniambia nini?"

Mtoto akampima toka leso hadi ndala,
akafikiri,
akasema polepole, asimkosee:
"Kuku."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, naapa,
hata meno ya nyuma niliyaona.
Akasema atapiga simu.

Leo ni siku ya tisa.
Simu naiweka chaji hata ikiwa imejaa.

Lakini Jumapili ile, tukirudi,
barabara imejaa watu wanaotoka kanisani,
Makori akampandisha mtoto mabegani,
akasema kwa sauti, mbele ya wote,
kwa lugha ya mama yangu,
na ile dh ikamshinda kama siku zote:
"Wazi dala."

Alitaka kusema twende nyumbani.

Watu wawili waligeuka.
Sikumsahihisha.