Mia Nne Arobaini na Sita

Mashine ikiwashwa haijui kitu.
Haijui faili ni nini, haijui jina lako,
haijui kwamba jana ilishinda ikifanya kazi.
Inajua kufika mwanzo wa diski,
kuokota kipande kimoja, kukiamini
na kukitii.

Kipande hicho kinatunzwa na Maimu Kõrgesaar,
ghorofa ya nne, Tartu,
theluji ya Februari imeziba nusu ya dirisha
na chai imepoa tangu saa mbili.
Nafasi yake ni baiti mia nne arobaini na sita.
Zinazofuata ni ramani ya diski, haziguswi;
mbili za mwisho ni muhuri.
Leo anazo mia nne arobaini na tisa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba hiki kilijaa toka enzi za Vambola,
na diski mpya, kubwa kama maghala,
hazijibu mpaka ziulizwe kwa swali refu zaidi.
Tatu zitoke.

Ya kwanza aliipata kabla ya chakula cha jioni:
badala ya kuiambia rejista "beba sifuri",
aliiamuru ijipinge yenyewe kwa yenyewe
hadi isibaki na kitu. Sifuri ileile, baiti pungufu.
Alicheka peke yake, jikoni, akimenya viazi.

Msomaji, kama umewahi kukesha na ubeti
uliozidi mizani moja, ukaikata "na", ukairudisha,
ukaikata tena,
unamjua huyu mwanamke.

Kisha mstari wa thelathini na moja:
amri ya baiti mbili, ya Vambola,
inayoitajia mashine namba ya diski
ambayo mashine yenyewe ndiyo imetoka kuitaja.
Ni kumwambia mgeni jina lake baada ya yeye kujitambulisha.
Pembeni hapana maelezo. Vambola hakuwa mtu wa maelezo;
hata siku anastaafu aliandika neno moja: Inatosha.
Maimu akaifuta.
Akalala usingizi wa aliyemaliza deni.

Siku ya tisa simu ikalia kutoka Põlva.
Heldur, wa kiwanda cha maziwa:
"Mizani haiamki. Kuna kijistari tu, kinapepesa."

Kompyuta ya mizani ile ina miaka ishirini na saba.
Ikiwashwa hutaja diski isiyokuwepo,
tena kwa uhakika wa shahidi mzee.
Vambola alijua. Aliisahihisha kimyakimya
kila alfajiri, kwa baiti mbili.

Usitupe mbachao kwa msala upitao.
Lakini Maimu hakuutupa mbachao;
alichomoa nyuzi mbili tu,
akidhani ni za urembo.

Zikarudi. Mia nne arobaini na nane.
Usiku huo alikata alama ya mshangao
katika neno ambalo mashine husema inaposhindwa:
hitilafu haina haja ya kupiga kelele.
Akaisogeza hatua ya kusoma karibu na inakoitwa,
mruko mrefu ukawa mfupi,
baiti ikadondoka kama kifungo cha koti.
Akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole kwenye kioo.
Zimeenea.

Halafu akafanya jambo ambalo Vambola hakulifanya.
Maneno ya pembeni hayapimwi. Mfasiri wa msimbo huyaruka,
mashine haiyaoni kamwe,
hayana uzito hata wa baiti moja;
katika chumba chote kile cha kubanana
hapo tu ndipo mtu anaweza kunyoosha miguu.
Akaandika mistari kumi na minne:
aina ya mashine, mwaka wake, uongo wake,
namba ya simu ya Heldur,
kwamba maziwa hufika saa kumi na moja alfajiri
na lori halisubiri,
na mwisho kabisa:
V. alijua. Mimi sikuuliza.