Saa Mbili, Maili Tatu

«Ndege, saa mbili yako, maili tatu,
yaelekea kaskazini, aina haijulikani,
mwinuko haujathibitishwa.»

Kijana wa Winnipeg ana mafua leo.
Ingunn Thorvaldson anabonyeza kitufe: «Natafuta.»
Hakusema naiona. Katikati ya maneno hayo mawili
pana nafasi ya mtu kufa.

Saa hii haina adhuhuri wala chai ya asubuhi.
Pua ya ndege ndiyo kumi na mbili, mkia ndio sita,
nawe ndiwe msumari wa katikati.
Kwetu mshale ukilenga mbili twasoma nane,
basi nalijua hili: uso wa saa ni mmoja,
wasomaji ndio wanaotofautiana.

Kijana anaona mstari kwenye kioo cheusi,
njia inavyokatwa juu ya mashamba ya Manitoba.
Haoni pua. Haoni upepo wa kaskazini
unaosukuma ubavu wa kushoto
hata Ingunn anakwenda mashariki kimshazari, kama kaa.
Mbili ya kule si mbili ya huku.
Anaongeza mwenyewe: macho yanasogea kulia,
karibu na tatu,

jua, mabaka ya theluji, jua.

Nukta.

Nukta inayotambaa kiooni iache iende zake.
Inayotulia palepale, ikawa inanenepa tu,
hiyo ndiyo yako.
Hii imetulia.
Anasogeza kichwa, nayo inaruka kutoka ziwani hadi msituni:
tone la mafuta. La jana.

Aprili hii bukini wanarudi kaskazini.
Lugha yangu haimfai kitu:
ndege ya bati, ndege wa manyoya,
kwetu ndege tu.

Hakuambiwa pinda. Hakuambiwa panda.
Aliambiwa: hupo peke yako.
Yaliyobaki ni yake, na ya masanduku ya chanjo ya ng'ombe
yanayogongana nyuma ya kiti.
«Bado sijaiona. Naomba kupanda futi mia tano.»
«Panda.»

Altimita inahesabu polepole, kama mwenye duka mchoyo.

Kisha mafua tena:
«Imeshapita. Haikuhusu tena.»

Imepita wapi? Anageuka hadi shingo inalia.
Anga jeupe, halina hata mkwaruzo.

Na labda kule, kusikoonekana,
mtu aliyeambiwa saa kumi na moja
bado anasugua kioo kwa mkono wa sweta,
anasema, natafuta.