Daftari la Mama Tusekile

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imetusukumia ndani sote wanne,
miwani ya Ambakisye imeshika ukungu,
viatu vimebeba nusu ya barabara.

Meza ni ile ile, inayochechemea.
Kaka akakunja karatasi, akaichomeka mguuni
kama alivyozoea baba.
Ndizi zikaja zinafuka, nyama juu,
parachichi la kuchota kwa kijiko,
pilipili ndani ya kopo kuukuu la Blubendi.
Tukagombania mfupa wenye uroto;
Lugano akashinda
kwa kusingizia homa, kama kawaida yake.

Kwenye kulipa, kila mkono ukazama mfukoni
ukasubiri wa mwenzake uibuke kwanza.
Mama Tusekile akaleta daftari,
kurasa zimelamba mchuzi:
"Na hili la mzee wenu.
Supu moja, chapati tatu. Jumanne ile."

Bati tu lilisema.

Jumanne ile, nyumbani,
alisukuma sahani yangu, akasema hana njaa.

Lugano ndiye aliyeanza kucheka.

Nikatoa elfu tano. Kalamu ikainuka.
"Pokea, mama, ila usimkate."

Akanitazama.
Akaichomeka kalamu kwenye kilemba,
akauliza kama tunaongeza chai.