Kabati la Ukumbini

Dalali kasema tupunguze vitu nusu.
Nusu ipi, hakusema.
Kapita chumba hadi chumba, simu mkononi,
akipiga picha pembe zilizo tupu,
akatwambia kwa Kiarabu chake cha Nizwa
kwamba mtu hanunui nyumba,
hununua nafasi ya kuweka vyake.

Basi tukaanza, mimi na Shinuna.
Mazulia tukayaanika uwani.
Mito ya majlisi tukaipiga fimbo
mpaka vumbi la miaka yote likatuingia puani,
tukacheka, kisha hatukucheka.
Picha ya mama kaitoa Shinuna.
Msumari ukabaki, umenyoosha shingo
kama mtu aliyekatizwa maneno.
Tukaung'oa nao.
Tundu tukaliziba kwa dawa ya meno,
hila aliyotufunza mama mwenyewe
zamani zile za nyumba ya kupanga, Ruwi.

Kaka Muhsin kapiga simu kutoka Sharja:
"Bado?"
Bado.

Jikoni ndiko kwenye kazi.
Harufu ya papa mkavu haijui kuhama.
Siki tumepaka, ndimu tumechemsha,
ubani tumefukiza hata paka wa jirani kapiga chafya,
na ukivuta droo ya tatu
bado inakukaribisha chakula.
Dalali anataka madirisha wazi.
Juni hii, Al Khoudh, saa nane mchana!
Tukawasha viyoyozi vyote vitano.
Cha chumba cha mama kinadondosha maji;
tukakinga kopo,
na mbele ya kopo tukasimamisha ua la plastiki.

Wa kwanza kuja walikuwa mume na mke.
Mke kamwona mbuzi wa nazi nyuma ya mlango,
kamgeuza, kagusa meno yake,
kauliza: hiki ni kiti cha mtoto?
"Cha mtoto," kasema Shinuna,
bila kupepesa jicho.

Lakini nilitaka kusema habari ya kabati.
Kabati la ukumbini, la msaji, zito kama deni.
Tulilisukuma alfajiri, dhiraa mbili kulia,
lifunike mstari.
Mwaka wa Gonu maji yaliingia mlango wa mbele
kama mgeni asiyevua viatu,
yakapanda hadi kiunoni pa mama,
naye kashika msahafu na hati ya nyumba juu ya kichwa
mpaka mikono ikafa ganzi.
Rangi tumepaka mara tatu tangu siku ile.
Mara tatu mstari umerudi,
rangi ya chai ya rangi.

Wa nne alikuja peke yake, mjamzito,
abaya imechafuka vumbi upindoni.
Hakutazama dari, hakuhesabu vyoo.
Alisimama jikoni, kafumba macho,
kisha kwa Kiswahili, tena cha Unguja:
"Papa huyu? Wa nazi?"

Mimi uongo wangu wote
nilikuwa nimeuandaa kwa Kiarabu.
Nimeupiga pasi, nimeukunja vizuri:
nyumba kavu, bonde liko mbali, wallahi.
Kwa Kiswahili sikuwa na hata mmoja tayari.
"Na maji je," kauliza, "yalifika hapa?"

Shinuna kanitazama.
Dalali, ambaye hakuelewa neno,
alikuwa akitabasamu.
Nikashika kabati upande mmoja,
Shinuna akashika upande wa pili,
likalia sakafuni lile, kwa sauti ya kukemea.

Yule dada kaukaribia ukuta.
Kaweka kiganja juu ya mstari,
kisha kaweka kiganja kileile
ubavuni pake, akalinganisha.
Hakusema ghali, hakusema rahisi.
Kauliza mama alikuwa mrefu kiasi gani.

Jioni hii kabati liko katikati ya ukumbi.
Tunalizunguka tukienda kutia udhu.
Shinuna kavuta droo ya tatu,
kachukua kipande cha mwisho,
kakiroweka.
Mbuzi nimemtoa nyuma ya mlango, nimemkalia.
Simu ya Muhsin inaita.
Mikono yangu imejaa nazi.