Mpira Mmoja Chumvi, Miwili Sukari

Jiko langu la Pasua lina hatua mbili na nusu,
ya tatu umeshatoka uani.
Fundi Kimaro alipokuja kupima shelfu
aliirudisha futi kamba mfukoni,
akapima kwa shibiri, akacheka.

Lakini nilijua kulipanga. Usinicheke na wewe.
Sufuria ya wali imeimeza ya mboga,
ya mboga imeimeza ya chai,
na tumboni mwa ya chai nimelaza vijiko.
Mifuniko iko kwenye waya nyuma ya mlango,
ukifungua tu, mtaa mzima unajua nimeamka.
Unga umo kwenye ndoo ya rangi,
chekecheke msumarini, ungo juu yake,
gunia la mkaa na mtungi wa gesi
wanalala chini ya meza moja kama wake wenza.
Dagaa ndani ya kopo la maziwa,
maziwa ndani ya kopo la kahawa,
na kahawa, yetu ya shambani, ya wageni,
imefungwa kamba, juu kabisa, karibu na bati.

Mama akaja Julai, na baridi yake.
Akaja na mkungu wa mshare kutoka Kirua
na macho yaliyoingiwa ukungu.
Presha ya macho, alisema daktari,
kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki.
Mkungu haukupata pa kukaa jikoni.
Ulikaa kwenye kochi siku nne, kama mkwe.

Wiki ya kwanza tulikula mtori wa sukari.
Hakuna aliyesema kitu.
Mume wangu aliomba aongezewe.

Wiki ya pili nikamkuta sakafuni,
miguu ameinyoosha, makopo yamemzunguka,
analitikisa moja moja sikioni:
hili linasema shaa,
hili linasema chaka chaka,
hili limenyamaza, ni mafuta.
Nilikasirika, sitaficha.
Miaka mitatu nimelifuma jiko hili
kama mtu anayefuma kikapu.
Nikamwambia, Mama, humu kila kitu kina mahali pake.
Hakugeuka.
Akauliza, "Mahali pa nani?"

Nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kesho yake alimtuma Elinami kwa fundi baiskeli
akamletea tyubu kuukuu, akaikata vipete.
Mpira mmoja chumvi.
Miwili sukari.
Mitatu majani ya chai.
Kisu kikatolewa kati ya vijiko,
kikatundikwa peke yake, mpini chini, kama mkorofi shuleni.
Vya kila siku, akasema, vikae kiunoni,
vya Jumapili begani,
vya Krismasi mtatafuta kigoda.
Na kigoda chenyewe kikawa kile kinu
nilichokuwa nimekificha bafuni kwa aibu ya ukubwa wake.
Alikipindua tu.
Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kukipindua.

Maandishi yangu ya kalamu ya wino mzito
hakuyabandua. Yapo hadi leo,
KAHAWA, limeandikwa kopo la maziwa,
na wageni wanasoma, wanaamini, wanashangaa.

Juzi Luku imeisha saa mbili usiku,
mvua juu ya bati, simu haina chaji,
mboga inachemka na mimi sioni hata pua yangu.
Nikanyoosha mkono kiunoni, kushoto.
Kopo. Kidole kikapita: mpira, mpira.
Siyo hili. Nikasogea.
Mpira.
Na juu ya mpira, vidole vingine,
vikavu, vina harufu ya kitunguu,
vimefika kabla yangu.

"Chumvi nimeshatia," akasema gizani.
"Rudisha ulipotoa."