Nani Anamkata Samaki

Saa nane usiku, Al-Khuwair. Kiyoyozi kinakohoa,
chai ya maziwa imefunga utando kikombeni.
Naijaribu programu ya zahanati kwa jina la bibi yangu,
mstari mmoja wa amri:
sajili Thuweba binti Mbarak.
Nikabonyeza.

Zikatoka kadi tatu.
Thuweba, hana baba.
Binti, hana jina.
Mbarak, marehemu wa miaka arubaini,
amepangiwa miadi ya meno Jumapili.

Kosa ni langu. Kwenye Linux,
kabla programu haijafumbua macho
gamba limeshashika kisu.
Penye nafasi, linakata.
Penye kinyota, linaingia lenyewe kabatini,
linarudi na kila faili linalofanana.
Programu hupokea vipande, vimehesabiwa,
cha sifuri ni jina lake yenyewe.
Kama palikuwa na kinyota, haijui.

Ndivyo ilivyo soko la samaki Sib:
unanunua nguru, unampitisha kwa mkataji,
nyumbani vinafika vipande ndani ya mfuko
na hakuna anayeuliza kichwa kimebaki wapi.

Windows hukabidhi samaki mzima,
uzi mmoja mrefu na nafasi zake zote:
haya, kata mwenyewe.
Na kila programu ina kisu chake.
Hii ikiona mkwaju uliolala kabla ya kinukuu, inageuza maana;
ile, mkwaju ni mkwaju tu.
Kinyota kinafika kingali kinyota,
kimesimama mlangoni
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bibi alikuwa akisimulia walivyofika Maskati,
yeye na kaka yake, mbele ya dirisha moja.
Karani aliuliza majina, akaandika alivyosikia,
akakata pale kisanduku kilipokwisha.
Wakaingia tumbo moja,
wakatoka koo mbili.
Hakuwa mtu mbaya, bibi alisema.
Hata maji aliwapa.

Narudi kwenye mstari.
Kinukuu huku, kinukuu kule,
viganja viwili vinavyokinga mshumaa:
sajili "Thuweba binti Mbarak"

Kadi moja. Mzima, na baba yake.

Kesho Ghassan ataiendesha zahanati ya Nizwa,
kwenye Windows yake kuukuu,
na kisu cha kule
sijui kimenolewa na nani.
Namwandikia ujumbe: jaribu kwanza kwa jina la bibi yako.